Nimeunganisha bendi za Landsat 8, picha imekuwa kali lakini rangi zimeharibika, nakosea wapi?

mchora_ramani

Wakuu habari zenu, naomba msaada wa wanaozijua picha za setilaiti maana siku ya tatu leo nazunguka palepale. Nina kazi ya kuangalia mto umehama kiasi gani, yani kingo zake za mwaka 2014 nizilinganishe na za miaka ya karibuni. Kwa 2014 nimechukua Landsat 8, bendi za rangi zina pikseli ya mita 30 alafu kuna bendi ya 8 ya kijivu, ile panikromatiki, ina mita 15. Nikasoma kwamba ukiziunganisha unapata picha ya rangi yenye ukali wa mita 15, nikasema hii ndo dawa yangu, kwa sababu kwenye mita 30 mto wenyewe sehemu nyembamba una upana wa pikseli mbili tatu tu, ukingo huuoni, unaona ngazi.

Nimetumia njia ya IHS, ile ya kugeuza nyekundu, kijani na bluu kuwa mwanga, aina ya rangi na ukolezi, unautoa ule mwanga unaweka pani mahali pake, kisha unarudisha kuwa rangi za kawaida. Picha imetoka kali kweli, kuna barabara ya vumbi ilikuwa kama moshi sasa hivi inaonekana mstari kabisa. Lakini rangi aisee! Maji yalikuwa kijani-bluu iliyofifia, yamekuwa bluu nzito inakaribia nyeusi. Mchanga wa kingoni umepauka kama umemwagiwa unga. Na ukivuta karibu, upande mmoja wa mto kuna kamstari chembamba ka rangi ambako hakapo kwenye bendi yoyote kati ya nilizoingiza, upande wa pili hakapo. Nikajaribu na Brovey, njia nyingine ya kunoa inayozidisha kila bendi kwa uwiano wa pani na mwanga wa rangi, afadhali kidogo lakini matatizo ni yaleyale.

Maswali yangu: tatizo ni njia au ni mimi? Na je nikishapata hii picha ya mita 15 naweza kupiga NDVI, kile kipimo cha mimea, na NDWI ya maji juu yake ili nipate mstari wa maji kwa mita 15? Asanteni.

pikseli_kumi

Mkuu kwa nini ujitese, chukua picha za setilaiti ya Sentinel-2, bluu kijani nyekundu na infraredi ya karibu zote zina mita 10 tayari, huna haja ya kunoa chochote. Mita 10 halisi ni bora kuliko mita 15 ya kuunganisha.

mchora_ramani

Ya miaka ya karibuni ndo nimechukua huko huko mkuu. Ila Sentinel-2A imerushwa Juni 2015, na mimi nataka 2014.

pikseli_kumi

Ah hapo sawa, sikuusoma huo mwaka vizuri. Basi usije ukashawishika na Landsat 7 eti nayo ina pani ya mita 15, kile kioo chake cha kunyoosha mistari kiliharibika Mei 2003, picha zote za baada ya hapo zina michirizi mitupu.

bendi_ya_nane

Ndugu kabla sijasema lolote nijibu vitu viwili. Bendi za rangi umechukua Leveli ipi, 1 au 2? Na zile bendi za mita 30 ulizifikishaje kwenye mita 15, ulitumia programu gani?

mchora_ramani

Za rangi Leveli 2 kwa sababu zimeshasahihishwa athari za hewa, nikaona ndo rangi za kweli. Pani sikuikuta humo, nikaifuata Leveli 1. Kukuza nimeandika skripti fupi ya Python, kila pikseli moja inakuwa nne. Hapo kuna kitu kilinishangaza, bendi za rangi zilikuwa 7591 kwa 7741, nikikuza mara mbili napata 15182 kwa 15482, lakini pani ni 15181 kwa 15481. Imezidi safu moja na mstari mmoja, nikakata vilivyozidi nikaendelea.

bendi_ya_nane

Umejijibu mwenyewe ndugu yangu, na huo mstari mmoja uliokata ndo mzizi wa kale kamstari ka rangi. Ngoja nieleze taratibu maana hili jambo watu wengi linawapiga na wanaishia kulaumu njia.

Tuanze na kwa nini kuna bendi ya kijivu kabisa. Kitambuzi kilichoko angani kinahesabu mwanga unaokifikia. Ukitaka rangi moja tu, tuseme nyekundu, unachuja mwanga wote unabakiza kipande chembamba, kwa hiyo mwanga unaobaki ni mdogo na inabidi pikseli iwe kubwa ili ikusanye wa kutosha, la sivyo picha inajaa chenga. Pani inaachia kipande kipana kipite kwa mara moja, mwanga ni mwingi, pikseli inaweza kuwa ndogo. Na kuna suala la kutuma data chini, ukipunguza pikseli nusu kwa kila upande data inakuwa mara nne kwa kila bendi, sasa fanya hivyo kwa bendi zote uone. Ndo maana wanaotengeneza setilaiti toka SPOT ya kwanza mwaka 1986 wanatoa bendi moja kali isiyo na rangi, na kadhaa zenye rangi zisizo kali, kazi ya kuziunganisha wanatuachia sisi huku chini.

Sasa makosa. La kwanza ni Leveli. Hizo namba ndani ya faili sio mwanga wenyewe, ni namba zilizopakiwa kwa kipimo, na Leveli 1 na Leveli 2 zina vipimo tofauti. Kwenye Leveli 1 unazidisha kwa 0.00002 unatoa 0.1 (alafu unagawanya kwa saini, yani sine, ya pembe ya jua, hiyo niiache kwanza). Kwenye Leveli 2 ya Collection 2 (toleo la pili la data za Landsat) unazidisha kwa 0.0000275 unatoa 0.2. Sasa chukua maji yanayoakisi asilimia 7 ya mwanga, yani 0.07. Kwenye bendi zako za rangi yameandikwa kama 9818, kwenye pani kiwango hichohicho kimeandikwa 8500. Mchanga unaoakisi 0.20, kwenye rangi ni 14545, kwenye pani 15000. Unaona kinachotokea? Ulipoutoa mwanga ukaweka pani, maji yakashushwa karibu 1300 na mchanga ukapandishwa karibu 450, na wala hakuna undani wowote ulioongezeka hapo, ni vipimo tu vimegongana. Maji meusi, mchanga umepauka, ndo hiyo picha unayotuelezea. Na bado pani yako ina ukungu wa hewa ndani yake wakati zile rangi umeshazitoa ukungu.

Kwa hiyo rangi na pani zote zitoke Leveli 1. Pani Leveli 2 haipo kabisa, hujakosea kutoiona.

Na hata ukiwa na Leveli 1 tupu usiunganishe namba zikiwa bado mbichi, zigeuze kwanza kuwa reflektansi, yani sehemu ya mwanga inayoakisiwa. Sababu ni hiyo 0.1 ya kutoa, maana yake kwenye faili sifuri ya kweli imekaa kwenye 5000. Brovey inazidisha, sasa ukizidisha namba ambayo sifuri yake sio sifuri unaharibu uwiano wa rangi. Mfano mdogo: nyekundu ya 0.02 pikseli yake moja ya mita 30, ndani yake pani inaonyesha sehemu yenye kivuli 0.04 na sehemu yenye mwanga 0.08, wastani 0.06. Ukifanya kwenye reflektansi nyekundu inagawanyika kuwa 0.013 na 0.027, inaingia akilini. Ukifanya kwenye namba mbichi, 6000 inazidishwa kwa 7000 gawanya 8000, inatoka 5250, ukigeuza ni 0.005. Upande wa pili inatoka 6750 ambayo ni 0.035. Yani kwenye kivuli nyekundu imekaribia kufa na kwenye mwanga imezidi, na kwa kuwa kila bendi inaharibika kwa kiasi chake rangi inayumba kila palipo na undani, na undani ndo ulikuwa unautafuta.

Kosa la pili, mstari uliokata. Kwenye Landsat katikati ya pikseli ya kwanza kabisa ya pani na katikati ya pikseli ya kwanza ya rangi ni sehemu moja ileile. Sio kona, ni katikati. Kwa hiyo pikseli ya rangi haijabeba pikseli nne za pani kama vigae, imebeba moja nzima katikati na nusunusu za zinazoizunguka, ndo maana ukubwa unatoka mara mbili kasoro moja. Wewe ulivyofanya moja kuwa nne umesogeza rangi zote kwa mita 7.5 kulia na mita 7.5 chini ukilinganisha na pani. Nusu ya pikseli ya pani, inaonekana ndogo, lakini kwenye ukingo wa mto ambapo upande mmoja ni maji na mwingine mchanga, rangi ya maji inamwagikia kwenye mchanga wa pani. Na kwa kuwa umesogea kuelekea upande mmoja, kale kamstari kanatokea upande mmoja tu wa mto. Maelezo yako yalikuwa mazuri sana hapo, ndo yamenipa jibu.

Dawa yake ni kuiachia programu ikuze kwa kufuata koordinati na kwa njia laini ya kubiki, inayochanganya pikseli jirani, sio kurudufu pikseli. GDAL, zile zana za kuchakata picha za ramani, wana gdal_pansharpen.py, inasoma koordinati yenyewe na inakuza kwa kubiki bila hata kuambiwa, hata ndani ya QGIS, ile programu ya ramani, utaikuta.

jicho_la_mbali

Bendi_ya_nane kamaliza sehemu kubwa, ila kuna la uzito hajaligusa na mimi ndo naliona kubwa kuliko yote. Ni pani inaona nini.

Landsat 8 pani yake inaona toka nanomita 503 mpaka 676. Kijani ni 533 hadi 590, nyekundu 636 hadi 673, zote zimo ndani. Bluu ni 452 hadi 512, yani pani inaigusa kidogo tu kwenye ncha. Sasa IHS ya kawaida inatengeneza mwanga kwa kujumlisha nyekundu, kijani na bluu ikigawanya kwa tatu, kila mmoja haki sawa, wakati pani bluu haioni. Namba za mfano, maji yenye bluu 10, kijani 7, nyekundu 3 (asilimia za kuakisi). Wastani wa haki sawa ni 6.7. Ila ukitoa uzito unaofanana na anachoona pani, tuseme bluu 0.1, kijani 0.5, nyekundu 0.4, unapata 5.7. Pani yenyewe itasoma hapo kwenye 5.7. Kwa hiyo Brovey ya haki sawa itazidisha maji yako yote kwa 0.85, yanaingia giza bure. Nenda kwenye udongo mtupu wenye bluu 8, kijani 12, nyekundu 18, haki sawa ni 12.7, kwa uzito ni 14, udongo wote unazidishwa kwa 1.1. Tena uelekeo ni uleule, maji chini udongo juu! Kwa hiyo hata ukirekebisha Leveli na mita 7.5, usipoweka uzito utaliona tatizo lilelile kwa udogo na utachanganyikiwa.

Hizo 0.1, 0.5, 0.4 ni za kuelezea, usizinakili. Tafuta za picha yako: shusha pani iwe mita 30 kwa wastani (kwa koordinati tena, usichukue nne nne), kisha piga rigresheni ya pani dhidi ya bluu, kijani na nyekundu, yani hesabu ya kutafuta mchanganyiko wa bendi hizo unaoikaribia pani zaidi. Zile namba zinazotoka ndo uzito, unazipa gdal_pansharpen.py kwa -w, moja kwa kila bendi. Ni kazi ya dakika kumi na ndiyo inayotofautisha picha nzuri na picha ya hovyo kuliko kubishana Brovey au Gram-Schmidt (njia nyingine ya kunoa) au IHS. Hizo njia zote tatu kimsingi zinafanya kitu kimoja, zinatengeneza pani ya bandia kutoka kwenye rangi, zinaangalia tofauti ya pani ya kweli na ya bandia, alafu hiyo tofauti zinaisambaza kwenye rangi. Pani ya bandia ikiwa mbovu, tofauti itakuwa na rangi ndani yake badala ya undani.

Kwa setilaiti nyingine ni kinyume. Landsat 7 pani yake ilianza 520 ikaenda mpaka 900, ikaingia kwenye infraredi ya karibu. Mimea inaakisi infraredi kwa nguvu sana, kwa hiyo kwenye pani misitu inang'aa wakati kwenye rangi za kawaida ni giza, ukiunganisha bila kuiweka infraredi kwenye uzito majani yote yanatoka yamepauka.

Sasa swali lako la NDVI na NDWI, hapa naomba unisikilize vizuri sana. Brovey inachofanya ni kuzidisha kila bendi ya pikseli hiyo kwa namba moja. NDVI ni infraredi toa nyekundu, gawanya kwa infraredi jumlisha nyekundu. Zidisha zote mbili kwa namba moja, inatoka juu na chini, inafutana. NDVI ya picha iliyonolewa ni sawasawa na NDVI ya mita 30 iliyokuzwa, hakuna hata punje ya taarifa mpya. NDWI hivyohivyo. Utakuwa na ramani yenye pikseli za mita 15, utaandika mita 15 kwenye ripoti, na mtu ataiamini, lakini mstari wa maji ni wa mita 30 uliolainishwa. Njia za kujumlisha kama IHS hazifutani, lakini usifurahi, zinakupa namba zinazobadilika kwa sababu ya kivuli na mwanga, sio kwa sababu ya mimea au maji.

Na mbaya zaidi kwa kazi yako, infraredi ndo bendi inayotenganisha maji na nchi kavu vizuri kuliko zote kwa sababu maji yanaimeza, na pani ya Landsat 8 infraredi haioni. Mahali ambapo maji yana tope na ukingo ni mchanga, pani inaweza kuona vitu viwili vinavyofanana kabisa, ukingo umefifia. Ukiinoa infraredi kwa pani hiyo utakuwa unaipachika undani ambao sio wake.

Ningekuwa wewe ningepiga NDWI kwenye mita 30 halisi, niutoe mstari hapo, alafu picha iliyonolewa niiweke chini yake kwa ajili ya jicho, nisogeze mstari kwa mkono pale tu ambapo pani inaonyesha ukingo wazi. Pale ambapo haionyeshi, uache kama ulivyo.

rangi_na_kivuli

Nimesoma hapa nimejifunza sana asanteni. Swali la pembeni, mi natumia Sentinel-2 na hakuna pani, lakini bendi sita ni za mita 20 na nahitaji zile za ukingo wa nyekundu, zilizo kati ya nyekundu na infraredi, kwa ajili ya mazao. Je naweza kuzinoa kwa hizi za mita 10? Nimeona mtu anatengeneza wastani wa bendi nne za mita 10 anaiita pani.

jicho_la_mbali

Inawezekana lakini huo wastani wa nne siupendi, unachanganya bendi ambazo tabia zake hazifanani. Kwenye mimea nyekundu inashuka pale infraredi inapopanda, ukizitia chungu kimoja undani unafutana. Bora kila bendi ya mita 20 uitafutie jirani yake. 8A iko kwenye nanomita 865 na bendi ya 8 ya mita 10 ni pana na inaifunika, hizo ni ndugu. Bendi ya 7 kwenye 783 nayo inaenda vizuri na 8. Bendi ya 5 kwenye 705 iko kwenye mteremko kati ya nyekundu na infraredi, hapo rigresheni ya bendi zote nne inafanya kazi kuliko kuchagua moja. Ila 11 na 12, kwenye 1610 na 2190, ziko mbali sana, zinaona unyevu wa udongo na majani ambao bendi za mita 10 hazina habari nao. Hizo kama ni kwa ajili ya vipimo mi huziacha kwenye mita 20.

bendi_ya_nane

Naongezea kwa mchora_ramani namna ya kujua kama ulichopata ni kizuri, maana kuangalia kwa macho kunadanganya. Macho yetu yanafuata mwanga, ukolezi wa rangi tunauona kwa ukungu tu, ndo maana picha iliyonolewa inavutia hata kama rangi zimeteleza.

Kuna utaratibu aliouandika Lucien Wald na wenzake mwaka 1997, watu mpaka leo wanautumia. Wazo ni rahisi: picha ya kweli ya rangi ya mita 15 huna, kwa hiyo huna cha kulinganisha nacho. Basi shusha kila kitu hatua moja, pani iwe mita 30, rangi ziwe mita 60, unganisha upate rangi za mita 30, alafu hizo za mita 30 za kweli unazo, linganisha. Kushusha kuwe kwa kuchuja na wastani, ukiruka tu pikseli unapata matokeo ya uongo. Kulinganisha wanatumia ERGAS, ni kosa la jumla kwa bendi zote, likiwa karibu na sifuri ndo vizuri, na SAM ambayo ni pembe kati ya rangi ya kweli na uliyopata, nayo sifuri ndo ukamilifu. Ila Brovey kwenye SAM inaweza kukupendezesha kwa sababu haigeuzi pembe kabisa, inazidisha tu, kwa hiyo angalia vyote viwili.

Kipimo cha haraka ninachofanya kila mara kabla hata ya hicho: chukua picha uliyonoa irudishe mita 30 kwa wastani, toa na ile ya mwanzo. Inatakiwa ibaki karibu na sifuri kila mahali. Ukiona umbo la mto au la mashamba kwenye hiyo picha ya tofauti, ujue rangi zimehama. Ukiona kingo tu, upande mmoja nyeupe na upande wa pili nyeusi, ujue bado kuna kusogea.

mchora_ramani

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa nilikuwa naanza upya yote. Nimechukua Leveli 1 kwa zote, nikageuza kuwa reflektansi na pembe ya jua nikaiingiza, nikashusha pani kwa koordinati nikapiga rigresheni. Uzito wa bluu umetoka mdogo sana kama mlivyosema, kijani na nyekundu wamegawana karibu wote. Nikaendesha gdal_pansharpen.py na uzito huo.

Maji yamerudi kijani-bluu yake! Mchanga una rangi ya mchanga. Kale kamstari ka upande mmoja kamepotea kabisa, nimezunguka mto mzima nakatafuta. Nikafanya kile kipimo cha kurudisha mita 30 na kutoa, kwa picha ya zamani umbo lote la mto lilionekana wazi kama mtu kauchora, kwa hii mpya mto hauonekani, kuna chengachenga tu. Nilikaa naziangalia hizo mbili pembeni kwa pembeni muda mrefu.

NDWI nimeifanya kwenye mita 30 na nimekubali hivyo. Kusema kweli iliniuma kidogo kwa sababu nilishawaambia watu nitawapa mstari wa mita 15, lakini ile hesabu ya kufutana nimeirudia kwenye karatasi mara mbili na haina pa kutokea. Kwenye ripoti nitaandika mita 30, na sehemu nilizosogeza kwa mkono nitazipaka rangi tofauti.

Limebaki moja. Kona ya juu ya picha kuna kitu kama vitone vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, vimepangana mstari, na kwenye pani pembeni yake kuna kitone cheupe. Nimehofia labda bado kuna kusogea?

bendi_ya_nane

Hapana, hiyo ni ndege inaruka. Bendi hazipigwi wakati mmoja kabisa, kila bendi ina safu yake ya vitambuzi na inapita juu ya sehemu hiyo kwa kupishana sehemu ndogo ya sekunde, ndege imeshasonga. Na kwa kuwa iko juu angani sio ardhini, nayo inachangia kuiweka pembeni kwenye kila bendi. Angalia ardhi iliyo chini yake, kama barabara na kingo zimekaa sawa huna tatizo. Mawingu ya juu nayo hufanya hivyohivyo kwenye kingo zake, mstari wako usiupitishe karibu nayo.

mchora_ramani

Ardhi iko sawa, nimeangalia. Na kweli nikivuta karibu kabisa kile kitone cheupe cha pani kina mabawa.